Punguza uzito bila kuhama jiko lako: vipimo, vyakula vya kubadilishana na mpango wa siku

Kabla hujaapa kuacha wali, chukua kalamu ya wino mzito uweke mstari kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, pale yalipofikia leo. Andika na tarehe. Kopo la sukari lifanyie vivyo hivyo. Halafu pikeni na mle kama kawaida yenu mpaka viishe.

Mimi nilifanya hivyo nikiwa na kilo 91. Nyumbani tuko watu wazima watatu na watoto wawili, na lita moja ya mafuta ya alizeti iliisha siku ya tano. Lita ni gramu kama 920, na kila gramu ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo chupa nzima ni kalori zaidi ya 8,200. Gawa kwa watu watano, gawa tena kwa siku tano, unapata kama 330 kwa kila kichwa kwa siku, na hapo maandazi ya gengeni na chipsi za jioni hazimo. Nilikuwa nimeshaacha ugali mara tatu nikidhani ndiye mchawi. Mchawi alikuwa amekaa pembeni ya jiko, tena mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namnunua kila wiki.

Kwa hiyo katika mpango huu chakula kinabaki kilekile. Tunagusa mafuta, sukari, na nani anakaa sehemu kubwa ya sahani.

Wasioanza peke yao

Mjamzito na anayenyonyesha, huu si wakati wenu. Watoto msiwaingize kwenye mpango wa kupunguza. Wapunguzieni soda na vitu vya kukaanga, basi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi aonane kwanza na daktari wake, kwa sababu ukipunguza wanga ghafla huku dozi ni ileile, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Wenye matatizo ya figo, waliowahi kusumbuliwa na tatizo la kujinyima chakula au kujitapisha, na walio kwenye matibabu ya kifua kikuu, hali kadhalika. Na kama unapungua bila kujaribu, usishangilie. Nenda kapime.

Weka lengo linalobebeka

Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mimi wa kilo 91 na mita 1.62 nilipata 34.7. Kati ya 18.5 na 24.9 ndiyo hali ya kawaida, 25 kwenda juu ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wenyewe. Pima na kiuno kwa utepe wa fundi cherehani: mwanamke akivuka sentimita 88 na mwanamume 102, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo inakuwa kubwa.

Usilenge kurudi kwenye gauni la harusi. Lenga kwanza asilimia 5 hadi 10 ya uzito ulio nao. Kwangu ilikuwa kilo 5 hadi 9. Hapo tu presha na sukari ya damu mara nyingi huanza kukaa vizuri. Ukipunguza kama kalori 500 kwa siku kwenye ulaji wako wa kawaida, tegemea nusu kilo hivi kwa wiki. Wiki ya kwanza mizani inaweza kushuka kilo mbili ukafurahi sana, lakini mengi ya hayo ni maji. Wanga uliohifadhiwa mwilini hushika maji, ukitumika maji nayo yanaondoka. Ndiyo maana chai za kuendesha zinazouzwa mitandaoni huonekana zinafanya kazi: unapungua chooni, ukinywa maji kesho umerudi ulipokuwa.

Kwa mwanamke wa shughuli za kawaida, mpango ulioko hapa chini unaangukia kalori 1,500 hadi 1,700 kwa siku. Mwanamume aongeze mpaka 1,800 au 2,000. Chini ya 1,200 usishuke bila mtaalamu wa afya.

Vipimo: bakuli, kikombe na kijiko kimoja cha kudumu

Mizani ya jikoni ni nzuri ukiwa nayo. Mimi sikuwa nayo miezi minne ya mwanzo. Nilichokuwa nacho ni kikombe cha chai cha mililita 250, kijiko cha chakula, kijiko cha chai, na mkono wangu. Chagua vya kwako, viweke alama, na usivibadilishe. Kikombe kikivunjika ukaokota kikubwa zaidi, mpango mzima umehama.

Anza na ugali, maana hapo ndipo macho yanadanganya kuliko pote. Usiku wa kwanza nilijipakulia kama siku zote, kisha kabla ya kula nikaanza kuushindilia kwenye kikombe, nikiupindua kwenye sahani nyingine na kuhesabu. Vilitoka vikombe viwili na nusu. Kikombe kimoja cha ugali uliokaza kina kalori kama 300. Nilikuwa nakula 750 za ugali mtupu, nikiwa bado sijagusa kitoweo, na nilikuwa nikisema kwa moyo mweupe kabisa kwamba mimi silagi sana.

Sasa kipimo changu ni kikombe kimoja kilichoshindiliwa na kupinduliwa. Kinakaa kama kinara kidogo katikati ya sahani, watoto wanacheka. Mume wangu anachukua kimoja na nusu.

Kuhusu dona na sembe kuna maneno mengi. Kalori zao zinakaribiana sana, gramu 100 za unga mkavu ni kama 360 kwa zote mbili. Faida ya dona ni pumba na kiini vilivyobaki: inashibisha muda mrefu na inasaidia choo. Ukila dona vikombe vitatu kwa sababu "ni ya afya", utanenepa kwa afya.

Wali, pima kikombe kimoja kilichojaa bila kushindilia, kalori kama 250. Viazi vitamu, magimbi na ndizi za kupika, vipande viwili vya ukubwa wa ngumi yako ndogo. Mihogo punguza zaidi, ngumi moja tu, kwa sababu ina wanga mwingi kuliko kiazi kitamu cha uzito huohuo. Chapati fanya hesabu ya nyumbani: kilo ya ngano ikitoa chapati 12, kila moja ina zaidi ya gramu 80 za unga, yaani kalori kama 300, na mafuta ya kukandia na kuchomea bado hayajaingia. Moja, basi, na siku hiyo hakuna wali.

Kitoweo ni kiganja chako bila vidole, unene wa kiganja hichohicho: nyama isiyo na mafuta, kuku aliyetolewa ngozi, au samaki. Cha maharage, choroko, kunde na dengu ni kikombe kimoja kilichopikwa. Cha maharage kina kalori kama 225 na protini gramu 15. Dagaa wakavu ni konzi moja iliyojaa. Mayai mawili.

Majani ni vikombe viwili kabla hayajanywea au kimoja baada ya kupikwa, na ukitaka ongeza. Nasema majani makusudi, maana kwetu "mboga" ni chochote kinachosukuma ugali, hata nyama ya ng'ombe. Hapa namaanisha mchicha, matembele, kisamvu, mnafu, spinachi, kabichi, mlenda, bamia, nyanya chungu, bilinganya. Hivi ndivyo vinavyokaa nusu ya sahani. Robo ni wanga, robo ni kitoweo. Ukipakua, anza na majani. Ukianza na ugali, majani yatakuta nafasi imejaa.

Mafuta ni vijiko vya chakula viwili kwa mtu kwa siku nzima, kila kijiko kalori 120, pamoja na yaliyofichwa kwenye chapati. Karanga zimo kwenye hesabu hii pia: konzi ndogo ya gramu 30 ni kama kalori 170. Parachichi ni nusu, si zima, hasa hayo makubwa ya Mbeya na Njombe.

Pika kwa kijiko, si kwa chupa

Kidumu kikiinamishwa juu ya sufuria, mkono haujui kusimama. Hamishia mafuta kwenye chupa ndogo ya maji, toboa kifuniko kwa msumari uliopashwa moto, tundu moja dogo tu. Kisha mimina kwenye kijiko, si kwenye sufuria.

Mchicha wa watu watano naupika hivi. Kitunguu kimoja kikubwa na nyanya tatu naviweka kwenye sufuria na maji vijiko vitatu au vinne, chumvi kidogo, nafunika. Vikishalainika na maji kukauka, ndipo natia vijiko viwili vya mafuta na kitunguu saumu kilichopondwa, nakoroga mpaka harufu itoke. Mafuta yanaingia mwisho, kwa hiyo ladha yake inabaki juu. Ukiyatia mwanzo yanazama na unaona kama hayatoshi. Mchicha unaingia, dakika tatu, nimeepua. Kila mtu kapata kalori chini ya 50 za mafuta. Zamani nilikuwa natia nusu kikombe, ambayo ni vijiko vinane.

Nyama naichemsha na tangawizi, limau na chumvi mpaka maji yakauke, inaanza kujikaanga kwa mafuta yake yenyewe. Samaki, badala ya kukaanga kwenye mafuta ya kuogelea, nafanya chukuchuku au naoka juu ya mkaa. Kibua wa kuoka na ndimu hana deni na mtu.

Nazi ni suala la watu wa pwani, na mimi sitawaambia waache, maana sijaacha. Kamua tui la kwanza, lile zito la kasimile, uligandishe kwenye friji kwa siku ya sikukuu. Pikia la pili na la tatu. Maharage ya tui jepesi yakiwekwa pilipili mbuzi na majani ya kotimiri, mgeni hatambui.

Asubuhi: chai ndiyo yenye kesi

Vijiko vitatu vya sukari vilivyojaa mlima, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 50 na zaidi, kalori kama 200 zisizoshibisha hata dakika kumi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Usiache kwa siku moja. Utarudi kwa hasira. Punguza nusu kijiko kila wiki, huku unaongeza tangawizi, iliki na mdalasini. Mimi ilinichukua wiki saba kufika sifuri, na sasa chai ya ofisini naiona kama sharubati. Na asikudanganye mtu: tangawizi na ndimu ya moto haziyeyushi mafuta ya tumbo. Kazi yake ni kukufanya usahau sukari.

Maandazi mawili na chai, badilisha na kiazi kitamu cha kuchemsha na mayai mawili ya kuchemsha. Mkate wa siagi, badilisha na vipande viwili vya mkate na robo parachichi. Supu na chapati mbili, kunywa supu ya kuku au samaki na ndizi mbili za kuchemsha, ukiengua mafuta yanayoelea juu. Uji ni mzuri, lakini angalia unga. Ule wa lishe wenye karanga, soya na mtama, ukitiwa na sukari na siagi juu, ni uji wa kumnenepesha mtoto. Unafanya kazi hiyohiyo kwa mama yake.

Mchana kwa mama ntilie

Huwezi kumwambia apike bila mafuta. Unaweza kumwambia apakue tofauti. "Dada, wali nusu, maharage mara mbili, majani mengi, mchuzi usimwage juu ya wali." Mara ya kwanza atakuangalia kama umeishiwa. Lipa bei ileile, wiki ya pili anakupakulia kabla hujafungua mdomo. Pilau kula mara moja kwa wiki, tena nusu.

Chipsi mayai nimeipenda tangu nasoma, kwa hiyo nilikaa nikaipigia hesabu kwa uchungu: viazi vya kukaanga gramu 200 ni kalori kama 600, mayai mawili 150, na kijiko cha mafuta ya kuchomea 120. Hiyo ni nusu ya siku yangu kwenye sahani moja ya plastiki. Ukipita kijiweni jioni na njaa, chukua mishikaki miwili, ndizi moja ya kuchoma na kachumbari ya kutosha. Soda ya chupa ya kioo ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, vijiko vya chai tisa hivi. Juisi ya embe au miwa haina tofauti kubwa. Kula embe lenyewe. Kwa wanywaji, bia moja ya nusu lita ni kama kalori 200, na nyama choma inayoisindikiza haihesabiki kwa mtu anayekunywa.

Siku moja yangu ya kawaida

Asubuhi: chai ya maziwa nusu kwa nusu bila sukari, mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu kimoja cha wastani. Kama kalori 400.

Mchana: wali kikombe kimoja, maharage kikombe kimoja, mchicha, kipande cha tikiti. Kama 640.

Saa kumi, ikiuma kweli: ndizi mbivu moja au chungwa. Mia moja au chini.

Jioni, kabla ya saa mbili kwa sababu ndivyo ratiba yangu ilivyo na si kwa sababu ya miujiza ya saa: ugali kikombe kimoja, samaki wa chukuchuku kiganja kimoja, matembele, kachumbari. Kama 550.

Siku nyingine badilisha ndani ya kundi lilelile tu. Wali ukitoka, unaingia ugali, ndizi au magimbi, si kitoweo. Samaki akitoka, wanaingia dagaa, kuku, choroko au maharage. Mwisho wa mwezi pesa ikikata, dagaa wa Mwanza wakichambuliwa na kuchemshwa na nyanya nyingi wanatosha kabisa. Makande nayahesabu kuwa wanga na kitoweo kwa pamoja, kikombe kimoja na nusu, na majani pembeni.

Ukweni, harusini, Ramadhani

Nilipokwenda Tanga kwa mama mkwe, mezani palikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka na maandazi ya iliki. Nilijipakulia kidogo. Akanitazama.

"Mwanangu, chakula changu hukipendi?"

"Nakipenda mama. Nataka nikile taratibu, nikione."

"Na huku kukonda, mwanangu? Mnagombana huko?"

Hili utaulizwa sana. Kwetu mwenye mwili ametunzwa, aliyekonda ana matatizo, au anaumwa. Usianze kueleza kalori. Sema daktari ameniambia niangalie presha, mjadala unaisha. Kwenye sinia la pamoja kula polepole kutoka upande wa samaki na kachumbari, na hakikisha tonge lako la mwisho limekaa mkononi wenzio wanaponawa. Sahani tupu huongezwa hata ukikataa. Harusini ukubali biriani, uache soda. Siku moja haikuharibii kitu. Kinachoharibu ni kusema kesho, kisha Jumatatu, kisha mwezi ujao.

Ramadhani watu wengi wanafunga na kuongezeka. Fungua kwa tende tatu na maji, swali Magharibi, halafu rudi mezani. Chagua kitu kimoja cha wanga: mihogo, au tambi, au magimbi, au viazi. Kimoja. Sambusa moja ya nyama si tatu, kaimati ziwe za Ijumaa. Daku usiliruke, mayai, maharage na uji usio na sukari vitakufikisha Adhuhuri ukiwa mtu.

Mizani, na siku itakapogoma

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya choo na kabla ya kunywa chochote. Wanawake, wiki ya hedhi mizani hupanda kwa maji. Linganisha na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Mimi niligoma kwenye kilo 82 kwa wiki tano. Sababu huwa mbili. Mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo kuliko mwili mzito, kwa hiyo kilichokupunguza jana leo kinakutosha tu. Ya pili inauma zaidi: mkono unasahau. Nilirudisha kikombe mezani nikakuta ugali wangu wa "kikombe kimoja" umefika kimoja na robo, na kijiko cha mafuta kinamwagikia pembeni. Nikarudia kupima kila kitu siku kumi. Nikaongeza kutembea nusu saa jioni, siku tano kwa wiki. Kutembea nusu saa kunaunguza kalori kama 120 au 150, ambazo ni kijiko kimoja cha mafuta, kwa hiyo usitembee ili ule chapati. Tembea kwa ajili ya moyo na usingizi.

Baada ya miezi kumi na moja nilisimama kwenye kilo 76, na hapo nikaanza kurudisha chakula kidogokidogo. Kikombe cha wanga mchana kikawa kimoja na robo, nikakaa wiki mbili, nikajipima. Haikupanda. Nikaongeza tunda, wiki mbili nyingine. Nilipojaribu kurudisha chapati ya Jumapili mpaka mbili, mizani ikapanda nusu kilo. Nikabaki na moja. Mstari kwenye chupa ya mafuta bado nauchora, na sasa lita inafika siku ya kumi na moja.